Kurasa Ishirini na Mbili za Dobi

Kwa niaba ya nafsi yangu, na bila kushurutishwa na mtu yeyote, natangaza mbele ya wasomaji wote wa gazeti hili, ambalo kwa bahati nzuri halifiki shuleni kwetu, kwamba sijutii, sitajutia, na nikitakiwa kujutia kwa maandishi nitaomba muda wa kutosha wa kufikiri.

Tangazo hili naliandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndani ya stoo ya mafagio, ambako Makamu Mkuu wa shule ameniweka hadi aamue la kunifanya. Kalamu nimeazimwa na mpishi. Karatasi ni migongo ya ratiba ya usafi. Mkikuta neno "vyoo" limechungulia katikati ya sentensi tukufu, mnivumilie.

Kwa aliyechelewa, nafupisha.

Shule yetu ya bweni ilipata nakala moja tu ya Lango la Shaba, kitabu cha kwanza kati ya saba: kurasa zaidi ya mia tano, falme tatu, majoka mawili na ngome moja isiyoingilika. Wanafunzi mia tatu tulikitaka siku moja. Mama Maktaba akakichana kwa wembe vipande tisa, akavishona kwa uzi wa viatu, akabandika orodha ya zamu mlangoni.

Wazimu ulianzia hapo. Aliyekuwa kwenye kipande cha nne alimkwepa aliyekuwa kwenye cha tano kama mwenye upele, asije akadokezewa. Wapo walioanzia cha sita kwa sababu ndicho kilichokuwa wazi, wakarudi nyuma, na hadi leo wanabisha kwamba ndiyo njia bora.

Wiki ya pili niliwaeleza nilivyoruka foleni nikajitwalia kipande cha tisa, kurasa ishirini na mbili zenye mwisho wa kitabu. Wiki ya tatu, kilivyotumbukia kwenye ndoo yangu ya kufulia kabla sijasoma hata mstari.

Na wiki iliyopita niliwaeleza sheria ya Mama Maktaba. Anayeharibu ukurasa anakwenda kuunakili kwa mkono kutoka nakala nzima. Anatia sahihi kama Mnakili. Mwingine analinganisha, anatia sahihi kama Mhakiki. Muhuri unagongwa, na karatasi ya mkono inakuwa sawa na ya mtambo wa chapa. Kitabu chetu kilikuwa kimejaa kurasa za namna hiyo, maana kilipita mikono yenye mchuzi.

Nakala nzima ilikuwa shule jirani, upande wa pili wa mji. Nilipewa ruhusa ya kutoka Jumamosi. Sikufika. Nilikaa kituo cha basi nikatunga mwisho wangu mwenyewe, kurasa ishirini na mbili, kichwani kwangu.

Katika mwisho wangu, Jemadari anawafungulia adui lango. Na anayelifunga ni Dobi wa ngome, mwanamke ambaye tangu ukurasa wa thelathini anafua mashuka ya jeshi zima na hakuna aliyewahi kumwambia ahsante. Anayafunga mashuka mabichi kwenye mnyororo, anavuta peke yake, lango linashuka.

Shule ilipagawa. Kidato cha kwanza walianza kuvaa vitambaa vyeupe mkononi kwa heshima ya Dobi. Watu waligombania sinki za kufulia. Kiranja wa bweni letu, aliyejipa jina la Jemadari tangu kipande cha pili, alipofika cha tisa aliomba radhi bweni zima.

Lakini aliyempenda Dobi kuliko wote alikuwa Kamusi. Kamusi ni dada yangu, baba mmoja mama mmoja, kidato kimoja mbele yangu. Mama yetu ni dobi wa hospitali. Anafua mashuka tangu kabla hatujazaliwa. Kamusi alimchagua Dobi ukurasa ule ule wa thelathini, wakati wengine bado wanahangaika na majoka.

Basi na tuendelee na balaa la wiki hii.

Jumatatu asubuhi Makamu alisimama mbele yetu mstarini.

"Saa ya kusoma vitabu," alisema, "imegeuka saa ya majoka. Chumba cha maktaba ni kikubwa. Mimi nina madawati sitini mabovu yananyeshewa mvua, na nadhani..."

Kamusi akanyoosha mkono. Katika shule yetu hakuna anayenyoosha mkono Makamu akiwa anadhani.

"Samahani, mwalimu. Jumamosi tuna shindano na shule jirani, na kitabu ni hicho hicho. Tukishinda?"

"Mkishinda, madawati yatafutiwa pengine."

"Na tukishindwa?"

"Wewe ndiye nahodha, na ndiye kiranja wa maktaba. Utanikabidhi ufunguo wa maktaba kwa mkono wako, kisha utasaidia kubeba madawati."

"Sawa, mwalimu."

Wanafunzi mia tatu walipumua kwa pamoja. Mimi sikupumua. Nilikuwa nimeshasoma karatasi ya shindano ubaoni: duru ya tatu, sura za mwisho.

Jioni nilimfuata maktaba.

"Dada, nimekuletea ushauri wa kitaalamu."

"Utaalamu wa nini, Askofu?" Wananiita Askofu kwa sababu ya uso ninaouvaa nikitenda dhambi.

"Ukiulizwa kuhusu mwisho, sema unapita."

"Nipite? Kipande cha tisa nakijua kuliko namba yangu ya mtihani."

"Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Mtu akijua sana anajichanganya."

"Wewe unaumwa?"

"Naomba uumwe wewe. Kidogo tu. Mafua ya siku moja."

Alicheka, akatoa barua kwenye daftari.

"Soma hii, kichwa kitulie. Nilimnakilia mama ukurasa ule Dobi anapovuta mnyororo. Anasema amewasomea wenzake wote pale kwenye mashine za kufulia. Wamemfanya arudie. Mmoja ameuliza kama huyo Dobi ameolewa, maana ana kaka yake hajatulia."

Nikaikunja barua mara nne, nikamrudishia.

Jumamosi basi la shule jirani likaingia. Wa kwanza kushuka alikuwa nahodha wao, msichana tuliyempachika jina la Miwani kabla hajafika kwenye ngazi ya mwisho. Alitazama vitambaa vyeupe mikononi mwetu. Akatazama bango lililotandazwa ukutani: SISI SOTE NI DOBI.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

"Heshima yetu kwa Dobi."

"Dobi yupi?"

"Kwani unawajua wangapi?"

Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akakuta bango bado lipo.

"Mnampa heshima Dobi. Yule aliyewafungulia adui lango."

Nikaweka uso wa mtu aliyepigwa na butwaa.

Aliwageukia wenzake. "Jamani, njooni muone. Hawa watu wameamua kushangilia msaliti. Wanataka kutuvuruga akili kabla hatujaanza."

"Wamefaulu," alisema mmoja nyuma yake. "Mimi nimeshaogopa."

Sikungoja zaidi. Nilikimbilia ukumbini, nikainama chini ya meza ya timu yetu, nikachomoa betri kwenye kengele ya Kamusi. Asipogonga kengele hatajibu. Asipojibu hatakosea waziwazi, na tukishindwa tutakuwa tumeshindwa na kengele. Nilijipongeza kwa mpango huo hadi nilipoinuka na kumwona hakimu anapanda jukwaani.

Alikuwa mama mfupi, mkoba wake mkubwa kuliko yeye.

"Wageni wetu," Mama Maktaba alitangaza, "leo tumebahatika. Huyu ndiye aliyekitia Lango la Shaba katika Kiswahili. Kila neno mlilosoma limepita kwenye kalamu yake."

Karibu kila neno, niliwaza, nikatafuta kiti karibu na mlango.

Duru ya kwanza tuliongoza. Ya pili wakatufikia. Kwa kengele bubu Kamusi aligundua haraka kwamba kiganja juu ya meza kinasikika vizuri zaidi, na hakimu akakubali. Hivyo ndivyo betri yangu ilivyoishia mfukoni bila faida. Duru ya tatu ikaenda sare hadi swali la mwisho.

"Katika usiku wa vita," aliuliza Mfasiri, "nani aliyefungua lango, na nani aliyelifunga?"

Kiganja cha Kamusi kilikuwa mezani kabla swali halijatua.

"Jemadari alilifungua. Dobi akalifunga, peke yake, kwa mashuka mabichi."

"Sivyo," alisema Mfasiri.



"Dobi alilifungua," alisema Miwani. "Jemadari akalifunga."

"Ndivyo."

Mngesikia kelele zile. Watu mia tatu walisimama juu ya viti wakidai haki ya mtu asiyekuwepo. Mpishi alitoka jikoni na mwiko. Makamu hakusimama. Alikuwa anaangalia dari la ukumbi kama anayepima madawati mangapi yataingia humo pia.

Kamusi hakupiga kelele. Alingoja kutulie, akasema, "Mama, naomba nikusomee kwa kichwa." Akasema: "'Hakuna aliyemwita. Alisikia mnyororo ukilia, akajua ni kazi nyingine iliyoachwa na wanaume, akakunja mikono ya gauni.'"

Mfasiri aliinama mbele.

"Rudia."

Kamusi akarudia.

"Nimeishi na kitabu hiki miaka miwili na nusu," alisema Mfasiri. "Sentensi hiyo sijawahi kukutana nayo. Nileteeni nakala yenu."

Mama Maktaba aliileta kwenye sinia. Vipande tisa. Mfasiri alivitazama, akagusa uzi wa viatu kwa kidole.

"Mmekichana."

"Ili kienee, mama."

"Na kimeenea?"

"Hadi jikoni," alisema Mama Maktaba, na mpishi akainua mwiko kuthibitisha.

Mfasiri alichukua kipande cha tisa, akasoma kurasa zote ishirini na mbili, sisi tukiwa tumekaa tunamtazama. Kuna mahali alicheka. Kuna mahali aliacha kusoma, akatazama dirishani, akaendelea.

"Mnakili ni nani?"

Macho ya Mama Maktaba yalinipata karibu na mlango. Nikaenda mbele kwa mwendo wa maandamano.

"Nilinakili kutoka kwa hawa ndugu zetu," nilisema, "neno kwa neno."

"Kwetu hajawahi kufika," alisema Miwani.

"Nilikuja umelala."

"Siku ipi?" Nikaitaja. "Siku hiyo maktaba yetu ilikuwa inapakwa rangi. Mlango ulifungwa kutwa."

Makamu alitabasamu. Sikujua kwamba uso wake unaweza.

"Na Mhakiki?" aliuliza Mfasiri.

"Ni mimi," alisema Kamusi.

"Ulilinganisha na nakala ya kweli?"

Kamusi alinitazama. Siku ile aliponitilia sahihi nilikuwa nimemwapia kwa jina la mama kwamba kila kitu kipo sawa, na alikuwa na haraka ya kukisoma.

"Nililinganisha," alisema.

Ulikuwa uongo wake wa kwanza hadharani, na aliuvaa kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Kila mtu aliona.

"Hakulinganisha," nilisema. Sikuwa nimepanga kusema. "Nilimdanganya hata yeye. Ukweli ni huu: kipande kilianguka kwenye ndoo kabla sijasoma chochote. Niliona haya, nikatunga. Kurasa zote ni zangu."

Nikainama kidogo, kama inavyotakiwa. Kidato cha kwanza wakapiga makofi. Nilidhani yameisha. Nakiri nilikuwa na furaha: nilikuwa nimekuwa mwongo, mtunzi na shujaa ndani ya dakika moja, na adhabu ya ajali ni kulima bustani tu.

Mfasiri alifungua ukurasa fulani.

"Kabla hujasoma chochote?"

"Hata mstari mmoja, mama."

"Hapa Dobi anapanda kwenda kwenye mnyororo. Anapanda ngazi mia moja na kumi na tatu."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini idadi hiyo?"

"Ilinijia tu."

"Mimi ilinijia kutoka kwa mwandishi. Imo katika kitabu kizima mara moja tu, ukurasa wa tatu kutoka mwisho. Mwanangu, hii haikutungwa na mtu ambaye hakusoma. Kuna mtu alikisoma kipande hiki kikiwa kikavu."

Makamu aliinuka. Alikwenda taratibu hadi mlango wa maktaba, akarudi na orodha ya zamu, akaishika mbali na macho kama wafanyavyo wazee wasiotaka kukiri kwamba wanahitaji miwani.

"Kipande cha tisa," alisoma. "Wa kwanza kwenye zamu." Akaugeuzia ukumbi karatasi. "Ni Mhakiki."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya nilipoiba kipande kwenye dawati lake badala ya kungoja jina langu.

"Kwa hiyo," Makamu alimwambia Kamusi, "ulikisoma. Hukukipenda. Kikaingia majini, ukamtuma mdogo wako akatunge, ukatia sahihi. Adhabu ya kukosea swali ni maktaba. Kuharibu kitabu cha shule kwa makusudi na kughushi muhuri ni jambo jingine. Nipe ufunguo. Madawati hutabeba. Wewe utafunga sanduku lako."

Kamusi alikuwa na maneno matatu tu ya kusema: "Yeye ndiye aliyekichukua." Angeyasema, angekuwa huru. Alivua ufunguo shingoni.

Sasa, wasomaji wangu, inabidi tuelewane.

Wiki ya tatu niliwadanganya. Niliwaambia kipande kiliteleza. Wengi mlinionea huruma. Mmoja wenu alimwandikia mhariri kwamba amelia. Namshukuru, na naomba ayarudishe machozi yake.

Nilikisoma. Nilikisoma mchana kweupe, nimekaa nyuma ya tangi la maji, na moyo ukinienda mbio kama kila msomaji wa kitabu kile. Nilifika mahali ambapo yule mwanamke, baada ya kuwafulia damu na matope kwa kurasa mia tano, anapanda ngazi mia moja na kumi na tatu na kuwafungulia adui kwa ahadi ya pete ya fedha. Jemadari anamkamata, na kusema mbele ya jeshi kwamba alitegemea hivyo, mtu wa sabuni ni mtu wa sabuni. Jeshi linacheka. Ukurasa unafungwa.

Na Kamusi alipaswa kukisoma baada ya chakula cha mchana. Alikuwa ameshamwandikia mama barua tatu kuhusu Dobi. Mama alikuwa anangoja ya nne.

Basi nilipanda juu ya benchi la mbele, maana mimi ni mfupi na jambo lenyewe lilikuwa refu.

"Mwalimu, usiuchukue ufunguo."

"Shuka."

"Hakukiona. Nilikichukua kwenye dawati lake yeye akiwa darasani. Aliponipa sahihi hakujua hata rangi ya kurasa za kweli. Mtu aliyekisoma kikiwa kikavu ni mimi."

"Dakika mbili zilizopita ulisema hukusoma," alisema Makamu.

"Dakika mbili zilizopita nilikuwa nasema uongo. Naomba usinichanganye."

Mtu alicheka nyuma.

"Kwa nini?" aliuliza Mfasiri. Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa na kalamu mkononi kama anayetaka kuandika jibu.

"Kwa sababu mlimwonea, mama. Mlimfulisha kitabu kizima, halafu mkamtupia kosa kwa sababu hakuna mwingine wa kumtupia."

"Mimi nilifasiri tu."

"Na mimi nilisahihisha."

Makamu alikuwa ameshanishika mkono wa shati. Lakini Kamusi alisogea, akasimama chini ya benchi, ufunguo bado mkononi, akaniuliza mimi peke yangu, kana kwamba ukumbi ule haukuwa na mtu.

"Askofu. Ndoo ilikuwa bahati mbaya?"

Ningeweza kusema ndiyo. Makamu mwenyewe alisimama kungoja aone kama nitasema ndiyo.

"Hapana, dada."

"Na barua niliyompelekea mama?"

"Mama alisoma maneno yangu. Yale ya kitabu niliyasoma mara mbili ili niwe na hakika, kisha nikayashika chini ya maji kwa mikono yote miwili mpaka wino ukaacha karatasi. Na nikiyapata tena, nitayashika tena."